Nyuma ya Mashine

Wahenga walituagiza: tenganisha pumba na mchele.
Tumetenganisha.
Miaka kumi na miwili hapa Doho, mimi na mizani yangu,
mashine ya Mudoola ikikohoa dizeli toka alfajiri,
mchele huku, pumba kule,
chenga katikati, za kuku na za wasio na kuku.
Lakini hakuna mhenga aliyesema
kule ni wapi.

Kule kulikuwa nyuma ya mashine.
Kilima kilichoota bila mvua,
chepesi kama uongo, kirefu kupita paa,
kumvi juu ya kumvi, rangi ya simba mzee.
Upepo wa Januari ukivuma
tulizinywa kwenye chai, tukazilalia kwenye shuka,
tukazitoa kwenye masikio ya watoto wachanga.
Ng'ombe alinusa mara moja akageuza kichwa,
na ng'ombe wetu, nijuavyo mimi, hula hata nguo kambani.

Basi tukachoma. Mudoola aliwapa vijana elfu mbili na kibiriti.
Hakiwaki, kile. Kinanuna.
Juu majivu baridi, chini kaa jekundu,
wiki tatu, wiki nne,
moshi ukitambaa hadi zahanati
kana kwamba nao umekwenda kutibiwa.
Hapo ndipo Higenyi, mwana wa fundi baiskeli,
alipoukimbilia mpira,
mguu ukazama hadi goti.

Sauti ile sitaieleza.
Bado anachechemea. Juzi alinisaidia kupakia magunia;
hakusema kitu, nami sikusema.

Logose alikuja mwezi uliofuata na gunia tupu begani.
"Naomba uchafu wenu."
Mudoola alicheka mpaka akashika mlango.
"Beba, mama! Beba na kilima chenyewe!"
Akabeba. Gunia la kwanza, la saba, la arobaini,
mzigo mkubwa usio na uzito,
ungedhani amebeba wingu.

Marehemu mumewe alimwachia tanuri la matofali
na deni la kuni,
na miti ya kando ya Manafwa ilishabaki visiki.
Akapanga matofali yake mabichi,
akazijaza kumvi kila mwanya,
akawasha upande wa upepo, akaketi na kanga yake puani.
Siku ya sita alibomoa.
Akagonga tofali kwa tofali:
likalia kama kengele ya shule.

Ndipo na sisi tukapata akili.
Mke wangu alichukua debe kuukuu la rangi,
akasimamisha chupa katikati, akashindilia kumvi pande zote,
akaichomoa chupa polepole, kama anayemvua mtoto kiatu akiwa usingizini.
Tundu lile ndilo siri. Moto ulipanda humo bila mzaha,
maharage yakaiva, hatukukata hata kijiti.
Majivu tukayachanganya na maharage ya mbegu;
fukusi walihama wenyewe, bila mkutano.

Mwezi wa nane Mudoola alileta chaki.
Ubaoni, chini ya bei ya mchele, akaandika:
Kumvi, gunia, shilingi 500.
Logose alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi.
"Na mguu wa mtoto," akauliza, "ulikuwa shilingi ngapi?"

Mashine ilikuwa inanguruma, lakini kila mtu alisikia.
Mudoola alisimama pale na chaki yake.
Kisha akalamba kidole gumba
akafuta sufuri moja.
Moja tu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Sasa kilima kimekwisha.
Kumbe nyuma yake kulikuwa na dirisha,
la bluu, lenye kopo la maua kizingitini,
na bibi aliyekaa humo miaka yote hiyo
akitazama ukuta wa pumba zetu.
Jana aliinua mkono.
Nikaiacha mizani ikiyumba,
nikainua wangu,
mweupe kwa vumbi la wishwa hadi kwenye kiwiko.